Mmisionari Kijana Ugenini: Namna ya Kuishi Siku za Kawaida za Utume

Watakaokuaga kanisani watakuombea safari njema na mavuno mengi. Ni nadra kumsikia mtu akikuombea upatane na yule mtakayelala naye chumba kimoja, au upate usingizi wa kutosha, au uvumilie sarufi ya lugha ngeni kila asubuhi kwa mwaka mzima. Hata hivyo, kwa jinsi nilivyowaona vijana wakienda na kurudi, hayo ndiyo huwachosha mapema kuliko upinzani wa wazi. Kuhubiri huchukua sehemu ndogo ya juma. Saa zinazobaki ni za kufua, kusubiri basi, kukosea maneno, kuandika ripoti na kumvumilia mwenzako.

Mwongozo huu ni wa kijana wa dhehebu lolote anayetumwa nchi ya watu kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Hatua zake zinafuata mpangilio wa safari yenyewe, ingawa ya tatu na ya nne utazifanya kila siku hadi unaondoka.

Hatua ya 1: Maliza mambo ya karatasi na ya mwili kabla ya kufunga begi

Anza na viza, na iwe ya kazi unayokwenda kuifanya. Ukiingia kwa viza ya utalii kisha ukaanza kufundisha Biblia, umevunja sheria ya nchi. Wewe utapanda ndege urudi kwenu, lakini mchungaji mwenyeji aliyekupokea atabaki akihojiwa. Nchi nyingi zina fungu maalumu la watumishi wa dini. Marekani hutoa viza ya R-1, ambayo kwa mara ya kwanza haizidi miezi 30 na kwa jumla haizidi miaka mitano. Uingereza ina viza ya muda ya watumishi wa dini isiyozidi miaka miwili. Tanzania huwaweka wamisionari kwenye kibali cha ukaazi daraja C. Pasipoti nayo iwe na angalau miezi sita ya uhai zaidi ya muda unaotarajia kukaa, maana nchi nyingi hukuzuia mlangoni ikipungua hapo.

Kisha uliza sheria inasemaje kuhusu kuhubiri kwenyewe, kwa kuwa viza halali si ruhusa ya kila kitu. Nepal, kwa mfano, ina kanuni ya adhabu iliyoanza kutumika Agosti 2018 ambayo inafanya kumgeuza mtu dini kuwa kosa la jinai. Adhabu yake hufika kifungo cha miaka mitano, na mgeni akishamaliza kifungo hufukuzwa nchini. Urusi ilipitisha sheria mwezi Julai 2016 inayobana kazi ya kimisionari nje ya majengo ya ibada na kumtaka mhubiri awe na hati ya shirika la dini lililosajiliwa. Mwombe mwenyeji wako akuandikie majibu ya maswali matatu: naruhusiwa kuzungumza imani wapi, na nani, na kwa kibali gani. Jibu la mdomo halitoshi. Aliyekupa anaweza kuhamishwa kesho.

Upande wa mwili, nenda kwa daktari wa meno kabla ya daktari mwingine yeyote. Jino bovu halitakuua, lakini bima nyingi za wasafiri hazilipii meno ila kwa dharura, na maumivu yake huharibu juma zima. Chanjo ya homa ya manjano uichome mapema, kwa kuwa cheti chake huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, hata kama kilichapishwa kwamba kinaisha baada ya miaka 10.

Kama unatoka ukanda wa malaria kwenda nchi isiyo nayo, shika neno hili: ukipata homa huko, mwambie daktari kwa sauti umetoka wapi na lini. Daktari ambaye hajawahi kumwona mgonjwa wa malaria atakutibu mafua, na malaria kali haisubiri. Ukishakaa huko muda mrefu, ile kinga ndogo uliyokuwa nayo kwa kuishi na ugonjwa hupungua. Ukirudi likizo, lala ndani ya chandarua na umeze dawa ya kinga kama mgeni mwingine.

Jambo la mwisho ni fedha. Kabla ya kuondoka upate kwa maandishi nani atalipa kodi ya nyumba, bima, usafiri wa kila siku na tiketi ya dharura ya kurudi. Mipango hutofautiana. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho huwachangisha wamisionari wake kutoka nchi kama Marekani na Kanada kiasi kimoja kwa mwezi, awe ametumwa mji ghali au mji rahisi. Makanisa mengine humwacha kijana atafute wafadhili mwenyewe, na mashirika ya kitawa hutunzana kwa mfuko wa pamoja. Mpango wowote unafaa mradi uwe unajulikana.

Na waite ndugu zako, uwaeleze waziwazi kwamba huendi kutafuta maisha na huna mshahara wa kugawa. Wengi wakisikia umepanda ndege husikia pesa. Mazungumzo haya ni magumu sebuleni, lakini kwa simu, ukiwa umekaa huko miezi minne na mjomba anasubiri ada ya mtoto wake, ni magumu zaidi.

Hatua ya 2: Wiki mbili za kwanza, funga mdomo na ufungue macho

Kazi yako ya kwanza ni kujua njia. Tembea na mwenyeji hadi hospitali, kituo cha polisi, kituo cha basi na mahali pa ibada, kisha siku nyingine uende peke yako mchana. Jiandikishe ubalozi wa nchi yako. Weka nakala za pasipoti na viza sehemu mbili tofauti. Kariri namba ya dharura ya nchi hiyo na anwani ya mahali unapoishi, kwa lugha ya wenyeji, ili hata simu ikizima uweze kurudi.

Usiandike chochote mtandaoni kuhusu nchi hiyo ndani ya wiki hizo mbili. Mgeni huona ya ajabu tu, na unachokiandika leo kitasomwa na waumini wale wale utakaowahubiria mwakani. Usishauri pia jinsi kwaya inavyopaswa kuimba au ibada inavyopaswa kuanza kwa wakati.

Hatua ya 3: Jiwekee ratiba, uilinde

Kijana aliyezoea kuamshwa na kengele ya shule au bosi wa kazini hushangaa anapogundua kwamba kwenye utume hakuna anayemtazama. Unaweza kulala hadi saa tatu asubuhi na hakuna atakayejua, isipokuwa wewe na yule mnayeishi naye. Siku nzima inaweza kupotea kwenye simu kwa jina la maandalizi ya somo.

Mashirika ya zamani yalilijua hili, ndiyo maana ratiba zao zimebana. Kwa miaka mingi wamisionari vijana wa Watakatifu wa Siku za Mwisho wameamka saa 12:30 asubuhi na kulala saa 4:30 usiku. Wavulana wao hutumika miezi 24, wasichana kwa kawaida miezi 18, nao hutembea wawiliwawili. Watawa Wakatoliki wana sala za vipindi zinazoikata siku, na Wajesuiti wana desturi ya kujihoji dhamiri mara mbili kwa siku, adhuhuri na usiku. Si lazima ufuate ratiba ya mtu mwingine, ila uwe nayo yako.

Ratiba ninayoipendekeza kwa anayeanza ni hii. Amka saa 12 asubuhi. Nusu saa ya kwanza ni ya sala na Neno, kwa lugha yako ya nyumbani, bila simu chumbani. Nasisitiza lugha ya nyumbani kwa sababu vijana wenye bidii huhamisha hata sala zao kwenye lugha wanayojifunza, na baada ya miezi mitatu hawana mahali popote wanapoongea na Mungu bila kutafuta vitenzi. Baada ya hapo mazoezi ya viungo dakika 20, kuoga, kifungua kinywa. Kuanzia saa 2 hadi saa 4 ni lugha. Saa 4 hadi saa 7 ni ziara, madarasa, au kazi yoyote ya mikono uliyopangiwa. Mchana kula chakula, na upumzike hata nusu saa. Alasiri toka tena. Watu wengi hupatikana jioni, wakitoka kazini na shuleni, kwa hiyo weka ziara muhimu kati ya saa 11 na saa 2 usiku. Saa 3 usiku andika mistari michache kwenye daftari: nani nimemwona, nimeahidi nini, nimejifunza neno gani. Saa 4 zima taa.

Ile sehemu ya "nimeahidi nini" iandike hata ukiwa umechoka hoi. Mgeni husamehewa lafudhi mbaya na hata maneno ya ovyo. Lakini mgonjwa aliyeambiwa "nitakuja Alhamisi" hukaa akisubiri Alhamisi, na ukikosa kufika mara mbili, hutapata mara ya tatu.

Siku moja kwa juma isiwe na kazi. Fua, nunua mahitaji, cheza mpira, andika nyumbani, lala. Jumapili haihesabiki kuwa siku ya mapumziko kwa mtu wa kazi hii, kwa hiyo chagua siku nyingine na uwaambie waumini mapema, ili asitokee mtu wa kukuita kwenye kikao "cha dakika kumi".

Hatua ya 4: Lugha ni kazi, si maandalizi ya kazi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo utume wa vijana wengi unapoamuliwa.

Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mtu mzima mwenye Kiingereza huhitaji saa 600 hadi 750 za darasani kufikia kiwango cha kufanyia kazi kwa Kihispania au Kifaransa, na takriban 2,200 kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani au Kikorea. Piga hesabu. Ukisoma saa mbili kwa siku, siku sita kwa juma, unapata zaidi kidogo ya saa 600 kwa mwaka. Kwa hiyo kwenye kundi la kwanza mwaka mmoja utakuweka pazuri, na kwenye kundi la pili miaka mitatu itakuacha bado safarini. Hesabu hii haikusudii kukutisha. Inakusaidia usijihukumu mwezi wa tano kwamba huna kipawa, na usikubali kupewa ratiba ambayo haina saa hizo mbili.

Wazee wa kazi hii hawakusubiri watulie kwanza. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Ni mwaka huo huo alipomzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, yeye mwenyewe akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika huko Algiers mwaka 1868, aliwaagiza watu wake wajifunze lugha ya wenyeji hadi waitumie hata wao kwa wao, na aliwapa miezi sita. Agizo hilo la kuongea ninyi kwa ninyi, hata mkiwa wageni wawili mezani, ni kali, lakini linafanya kazi.

Fanya hivi. Tafuta msaidizi wa lugha ambaye si mhubiri na asiyejua lugha yako vizuri. Mzee mstaafu au mama mwenye subira anafaa kuliko mwanafunzi wa chuo, kwa sababu mwanafunzi atataka kujifunza kwako. Mlipe au mpe huduma mliyokubaliana, ili asiwe anakufanyia hisani. Nunua daftari dogo la kuingia mfukoni. Ukurasa wa kushoto andika sentensi uliyotaka kusema leo ukakwama, nzima, kwa lugha yako: "Nilitaka kumwambia kuwa nasikitika kwa msiba wake lakini sitaweza kufika mazikoni." Ukurasa wa kulia andika jinsi msaidizi wako anavyoisema, si neno kwa neno bali kama yeye angemwambia jirani. Kesho yake, kabla ya jua kuzama, itumie kwa mtu halisi. Sentensi tatu kwa siku zinatosha. Baada ya miezi sita una daftari kadhaa za maneno uliyoyahitaji kweli, tofauti na kitabu cha sarufi kinachokufundisha kuuliza kalamu ya shangazi iko wapi.

Sala ya hadharani uiandike, msaidizi aikosoe, uikariri, uisome kwa utulivu. Usione haya kusoma. Waumini hupendelea sala fupi inayoeleweka kuliko ndefu inayowafanya wafumbue macho kukuangalia kama uko salama.

Mkalimani mtumie kwa mambo mazito tu: mafundisho magumu, msiba, ugomvi wa ndoa, mambo ya hospitali na polisi. Ukimtumia kwa salamu na sokoni, yeye ndiye atakayefahamiana na watu.

Hatua ya 5: Kaa vizuri na mwenzako

Yesu aliwatuma wanafunzi wawiliwawili, na Lavigerie hakutaka jumuiya ya watu chini ya watatu. Sababu ni za maana: usalama, ushuhuda, na kulindana katika majaribu. Lakini huyo mwenzako hukumchagua. Anaweza kuwa wa nchi nyingine, mwenye kuamka usiku wa manane kusali kwa sauti, au asiyejua kuosha chombo. Na msidhani ugomvi wenu utakuwa wa mafundisho ya dini. Utakuwa wa sufuria iliyolala na masizi jikoni tangu juzi.

Matendo ya Mitume sura ya 15 inasimulia bila kuficha jinsi Paulo na Barnaba walivyogombana kuhusu Yohana Marko hadi wakaachana njia. Wale walikuwa watu wakubwa katika imani. Ninyi ni vijana wa miaka 20, na mtagombana.

Weka kikao cha saa moja kila juma, siku na saa ile ile, hata kama hakuna tatizo. Mdogo kwa umri au mgeni zaidi kituoni aanze kusema, la sivyo mkubwa atamaliza saa nzima. Kila mmoja ataje jambo moja alilomshukuru mwenzake na jambo moja linalomkera, likiwa dogo na la vitendo. "Kaka, samahani, ukipiga simu ndani baada ya saa 4 nashindwa kulala, naomba utoke nje" ni neno linaloweza kujibiwa. "Wewe huna heshima" halina jibu. Mkubaliane pale pale juu ya kupika, kuosha, taa, wageni na simu. Fedha za chakula ziwe kwenye bahasha moja yenye kijitabu, na kila anayetoa aandike. Nimeona urafiki mwema ukifa kwa hela ya sabuni kwa sababu tu hakuna aliyeandika.

Kama jambo ni zito, yaani anakutukana, anakunyima chakula, anakunywesha usichotaka, anakutisha au kukugusa vibaya, hilo halingojei kikao. Mpigie msimamizi siku hiyo hiyo, na asipochukua hatua mpigie aliye juu yake.

Hatua ya 6: Jua upweke unakuja lini

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, ambaye mwenyewe aliwahi kufanya utafiti Ankole, Uganda, alieleza katika makala ya mwaka 1960 kile anachopitia mtu akihamia utamaduni mwingine. Kwanza kila kitu hupendeza. Kisha huja kipindi cha hasira na kero, mgeni akiwalaumu wenyeji na kuisifu nchi yake kupita kiasi. Baadaye hupata nafuu, hatimaye huzoea. Jambo la kuelewa ni kwamba kipindi cha pili huja baada ya furaha, wakati watu wa nyumbani wameshaacha kukuuliza hali na wewe umeshawaandikia kwamba kila kitu ni kizuri.

Utakijua kwa dalili ndogo. Unaanza kusema "hawa watu". Unatafuta sababu ya kutotoka. Unakula ovyo au huli, na unatazama picha za wenzako waliobaki. Ikifika hapo usiongeze saa za kazi ili kujilazimisha. Punguza kazi kwa juma moja, lakini usipunguze usingizi, mazoezi, wala kukutana na watu. Tafuta mwenyeji mmoja wa rika lako ambaye hamzungumzi kazi ya kanisa, mcheze naye, mcheke.

Kuhusu simu za nyumbani, maoni yangu ni mara moja kwa juma, kwa muda uliopangwa. Watakatifu wa Siku za Mwisho walikuwa wakiwaruhusu vijana wao kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka; tangu Februari 2019 wakaruhusu kila juma. Mara mbili kwa mwaka ilikuwa kali mno. Lakini anayepiga kila usiku hajaondoka nyumbani, na mama yake halali kwa sababu anasikia kila mafua yake.

Tofautisha upweke na ugonjwa. Ukikaa majuma mawili mfululizo hulali au hutaki kuamka, huna hamu na chochote, au mawazo ya kutotaka kuishi yanakujia, hiyo ni kazi ya daktari. Kusali ni vema, na kwenda hospitali ni vema pia. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri hata siku moja: mwambie mwenzako saa hiyo hiyo asikuache peke yako. William Carey, anayesifiwa sana kwa kazi yake India, aliishi miaka mingi na mke aliyeugua akili hadi alipofariki mwaka 1807. Katika nyumba ile kulikuwa na tafsiri za Biblia na kulikuwa na mateso. Msimamizi anayekuambia kwamba msongo ni upungufu wa imani amekosea, na unaruhusiwa kumpita uende kwa mwingine.

Hatua ya 7: Pokea "hapana", kisha andika ripoti ya kweli

Watu watakukatalia. Wengine kwa upole, wengine kwa kukufungia mlango, wengine kwa kukubali kila kitu na kutoonekana tena, na hao wa mwisho ndio wanaochosha. Mtu akisema hapana, mshukuru uondoke. Usirudi hadi akuite. Usimfuate mtu hospitalini, gerezani au kwenye njaa ukamwekea imani kama sharti la msaada. Msaada utolewe kwa anayeuhitaji, naye akitaka kuuliza habari za imani, atauliza.

Carey alifika Bengal mwaka 1793, na mwongofu wake wa kwanza wa Kihindu, Krishna Pal, alibatizwa Desemba 1800. Adoniram Judson, mmisionari Mmarekani, alifika Rangoon, Burma (leo Myanmar), mwaka 1813, akambatiza Mburma wa kwanza mwaka 1819. Mmoja alisubiri miaka saba, mwingine sita. Wewe umepewa miwili, pengine mmoja.

Kwa hiyo usiipike ripoti. Shinikizo la namba lipo, na wafadhili hupenda namba. Andika ulichofanya: ziara ngapi, saa ngapi za lugha, nani mgonjwa uliyemtembelea, darasa gani limekufa na kwa nini. Ukiandika kuwa watu 12 wameokoka wakati waliinua mikono tu wakitaka mkutano uishe, atakayekuja baada yako atawatafuta hao 12.

Picha nazo ni sehemu ya ripoti. Omba ruhusa ya mtu kabla, na kwa mtoto omba kwa mzazi. Mwonyeshe mahali itakapokwenda. Usimpige mtu picha akiwa katika hali ambayo wewe usingependa mama yako aonekane nayo na wageni wa nchi nyingine.

Hatua ya 8: Chora mipaka mapema

Usikae na mtoto peke yako mahali palipofungwa, hata kwa somo la Biblia na hata kama mzazi amekuomba. Mlango uwe wazi na mtu mzima mwingine awepo. Hii inamlinda mtoto kwanza, nawe pia.

Mapenzi: mashirika mengi hayaruhusu uchumba ndani ya muda wa utume, na ukitia sahihi ulikubali. Lakini hata pasipo katazo, kumbuka kwamba unamzidi mwenyeji nguvu bila kujua, kwa kuwa una pasipoti, kanisa nyuma yako, na tiketi ya kuondoka.

Siasa za nchi hiyo ziache. Usibebe bahasha ya mtu, usiweke saini usichokisoma, usikopeshe. Ukiombwa pesa, na utaombwa, usitoe mfukoni kwako kwa siri. Peleka ombi kwa wazee wa kanisa mwenyeji wanaowajua watu wao. Utaonekana mchoyo kwa muda. Ukitoa kwa mmoja kwa siri, kesho utakuwa na foleni, na mchungaji wa mahali atakuwa amepoteza heshima yake kwa mkono wako.

Hatua ya 9: Kabidhi kazi, kisha urudi taratibu

Miezi miwili kabla ya kuondoka acha kuanzisha chochote kipya. Tembea na anayekupokea, au na mwenyeji atakayeendelea, nyumba kwa nyumba, umtambulishe wewe mwenyewe. Andika karatasi mbili: nani anafuatiliwa na amefikia wapi, na ahadi gani hazijatimizwa. Siri ambazo watu walikuambia kwa kukuamini usiziandike. Lipa madeni yote, hata ya mama aliyekuwa akikufulia.

Ukifika nyumbani, nenda ukapimwe afya na umweleze daktari nchi ulizokaa. Waombe viongozi wa kanisa wasikupe mimbari mwezi wa kwanza. Utajikuta huna wa kumwelezea mambo, marafiki wamesonga, na maduka yenu yenyewe yatakukera. Hilo ni la kawaida na hupungua. Mtafute aliyewahi kutumwa, mkae naye, mwongee bila kuhubiriana.

Na kabla hujaondoka kituoni, omba barua ya utumishi yenye tarehe za kuanza na kumaliza, kazi ulizofanya, lugha uliyojifunza na jina la msimamizi anayeweza kuulizwa. Chuo au mwajiri atataka kujua ulikuwa wapi miaka hiyo, na barua hiyo ni rahisi kuipata ukiwa bado huko kuliko ukiwa umeshaondoka.